Mayai ya mende nyumbani: kuyatambua na kuyaangamiza

Mende hatagi yai mojamoja. Jike hupanga mayai yake katika safu mbili ndani ya kifuko kigumu kinachotengenezwa na mwili wake, na kifuko hicho ndicho watu wengi wanachokiita yai la mende. Kimoja huwa na mayai kuanzia kumi hadi arobaini hivi, kutegemea aina. Ganda lake huzuia mayai yasikauke na, jambo linalomgusa zaidi mwenye nyumba, huzuia dawa nyingi za kupuliza zisiwafikie watoto waliomo. Ndiyo maana chumba kilichopuliziwa dawa leo na kufagiliwa mende wafu kwa wingi huonekana kina mende wachanga wiki chache baadaye. Waliokufa ni wale waliokuwa wakitembea. Waliokuwa ndani ya vifuko hawakuguswa.

Dar es Salaam hali hii ni ya mwaka mzima, kwa sababu pwani haina majira ya baridi ya kusimamisha uzazi wa wadudu. Mitaa ya pembezoni ya Kinondoni na Temeke, kuanzia Bunju, Boko na Tegeta hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma, ina mambo mawili zaidi yanayowafaa mende. Kwanza, nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo na makaro yaliyochimbwa uani badala ya mabomba ya majitaka ya mji. Pili, kuna nyumba nyingi za kupanga ambamo kaya kadhaa hutumia korido moja, ua mmoja na choo kimoja. Katika mazingira hayo, kuua mende anayeonekana ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kujua mayai yako wapi na yataanguliwa lini.

Aina tatu na vifuko vyao

Mende mdogo wa jikoni huitwa na wataalamu mende wa Kijerumani (Blattella germanica). Ana urefu wa milimita 11 hadi 16, rangi ya kahawia hafifu, na mistari miwili myeusi iliyo sambamba nyuma ya kichwa. Licha ya jina, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asili yake ni Asia ya Kusini, miaka 2,100 hivi iliyopita. Kifuko chake ni cha kahawia hafifu, kina urefu wa milimita 6 hadi 9 na hubeba mayai 30 hadi 40. Jike hakiachi mahali popote. Hutembea nacho kikiwa kimechomoza mkiani kwa wiki tatu hadi nne, na hukidondosha muda mfupi tu kabla ya watoto kutoka. Wakati wote huo mayai hupata maji kutoka mwilini mwa mama, hivyo kifuko kilichotenganishwa naye mapema mara nyingi hukauka na mayai hufa. Jike mmoja huzaa vifuko vinne hadi vinane maishani mwake, na katika joto la pwani watoto hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi.

Mende mkubwa, anayetoka zaidi chooni na kwenye chemba, huitwa mende wa Kimarekani (Periplaneta americana). Hufikia milimita 35 hadi 40 na kuzidi, ana rangi ya kahawia yenye wekundu na utepe wa manjano kwenye ngao iliyo nyuma ya kichwa, na nyakati za joto huweza kuruka. Mwanasayansi Linnaeus alimpa jina la Amerika mwaka 1758, lakini asili yake ni Afrika, na alisambaa duniani kwa meli. Kifuko chake ni cha kahawia iliyokoza hadi cheusi, kina ukubwa wa punje ya kunde, milimita 8 hivi, na huwa na mayai 14 hadi 16. Jike hukibeba kwa saa chache hadi siku chache, kisha hukibandika kwa mate kwenye ufa au kona iliyo karibu na chakula na maji. Mara nyingine hukifunika kwa vipande vya karatasi, mbao au uchafu alivyovitafuna, hata kikafanana na ukuta. Watoto hutoka baada ya wiki sita hadi nane, na joto likizidi hutoka mapema zaidi. Jike anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai hata bila dume, hivyo jike mmoja aliyebaki anatosha kuanzisha kizazi kipya.

Aina ya tatu ni mende wa mikanda (Supella longipalpa), naye mwenye asili ya Afrika. Ana urefu wa milimita 10 hadi 14 na mikanda miwili ya rangi hafifu inayokata mgongo. Kifuko chake ndicho kidogo kuliko vyote, milimita 5 hivi, chenye rangi ya kahawia ya manjano au nyekundu, na huwa na mayai 10 hadi 18. Mende huyu hahitaji maji mengi, kwa hiyo huishi hata chumba cha kulala na sebuleni, na hupenda kubandika vifuko sehemu za juu: kwenye dari, nyuma ya picha, kwenye mikunjo ya mapazia, ndani ya kabati la nguo na ndani ya redio. Mayai yake huchukua mwezi mmoja na nusu hadi miezi mitatu kuanguliwa.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua mkakati. Kwa mende mdogo wa jikoni, anayesakwa ni mama, kwa kuwa mayai yako mkiani mwake. Kwa mende mkubwa na mende wa mikanda, kinachosakwa ni kifuko chenyewe, kwa kuwa mama amekwisha kukiacha na anaweza kufa bila mayai kudhurika. Nyumba moja inaweza kuwa na aina zote tatu, na hapo kazi zote mbili hufanyika kwa pamoja.

Kutambua kifuko na hali yake

Kifuko cha mende kina umbo la kibeti kidogo: upande mmoja umevimba na upande mwingine una mshono ulionyooka wenye meno madogo. Vifuko vya mende mdogo huonyesha pia mistari ya vyumba vya mayai vilivyopangana. Kifuko chenye mayai ni kizito kwa ukubwa wake, kimejaa na kinang'aa. Kikipondwa hutoa ute mweupe au wa manjano. Kilichoanguliwa ni chepesi na hupasuka kikavu. Tatizo ni kwamba watoto wakishatoka mshono hujifunga tena, hivyo kifuko kitupu huonekana kama kizima kikitazamwa kwa macho tu. Utaratibu salama ni kukihesabu kila kifuko kuwa hai hadi kiharibiwe.

Kifuko chenye tundu la duara ubavuni kina habari nyingine. Tundu hilo hutobolewa na nyigu aliyekulia ndani. Mmojawapo wa nyigu hao ni Evania appendigaster, mdudu mweusi mwenye macho ya samawati na tumbo dogo analolichezesha juu na chini, ambaye mara nyingi huonekana dirishani. Hutaga yai ndani ya kifuko cha mende mkubwa, na buu wake hula mayai yote yaliyomo. Hamdhuru mtu, na hakuna sababu ya kumuua. Hata hivyo, kuonekana kwake ndani ya nyumba ni dalili kwamba vifuko vya mende viko karibu.

Vitu kadhaa hudhaniwa kuwa mayai ya mende. Kinyesi cha panya kina ncha zilizochongoka na hakina mshono. Kinyesi cha mjusi kina doa jeupe upande mmoja. Mayai ya mjusi kafiri ni meupe na ya duara, na hupatikana nyuma ya fremu au kwenye mashimo ya ukuta. Hayo huachwa, kwa kuwa mjusi hula mende. Vifuko vya kijivu, bapa, vilivyochongoka pande zote mbili na vinavyoning'inia ukutani ni nyumba za kiwavi wa nondo mdogo. Kinyesi cha mende chenyewe ni dalili inayosaidia: cha mende mdogo hufanana na kahawa iliyosagwa, na cha mende mkubwa ni vipande vifupi vyenye mifereji ubavuni. Kinapokuwa kingi ndipo maficho yalipo, na vifuko huwa hapo hapo au umbali wa hatua chache.

Mahali pa kukagua

Ukaguzi hufanyika mara mbili. Wa kwanza ni wa usiku, kuanzia saa nne, taa zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa moja au zaidi. Tochi ya simu ikiwashwa ghafla huonyesha mende wanakimbilia wapi, na pale wanapoingia ndipo pa kutia alama. Wa pili ni wa mchana, na huhusu kufungua na kugeuza vitu katika maeneo yaliyotiwa alama.

Jikoni hukaguliwa bawaba na kona za kabati la vyombo, chini ya droo, nyuma ya karatasi au plastiki iliyotandikwa kwenye rafu, chini ya sinki, nyuma ya jiko la gesi na chini ya kitako cha mtungi. Friji hutazamwa sehemu tatu: mikunjo ya mpira wa mlango, nyuma karibu na kompresa, na trei ya kukusanyia maji. Gunia la mkaa, ndoo ya unga na tenga la vitunguu huinuliwa.

Sebuleni na vyumbani hukaguliwa vitu vinavyotoa joto, hasa televisheni, king'amuzi, subufa na vichwa vya waya vya kuunganishia umeme. Kisha hufuata nyuma ya picha, mikunjo ya juu ya mapazia, mbavu za kochi, matundu ya misumari kwenye chaga za kitanda, maboksi yaliyo juu ya kabati na madaftari ya shule ya miaka iliyopita. Umeme huzimwa na waya kuchomolewa kabla ya kugusa kifaa chochote. Boksi la mita ya LUKU na swichi za ukutani hazifunguliwi na mtu asiye fundi.

Nje hukaguliwa chini ya mifuniko ya chemba na karo, kuta za ndani za choo cha shimo sehemu ya juu, nyuma ya mapipa ya maji, rundo la mbao na matofali, na pengo kati ya ukuta na bati. Nyumba yenye dari huwa na mlango mdogo wa kupandia. Humo ndimo mende wakubwa hubandika vifuko kwenye mbao bila kusumbuliwa.

Kuondoa vifuko

Vifaa ni vya kawaida: glavu au mfuko wa plastiki wa kuvaa mkononi, kisu butu, mswaki mkuukuu, kitambaa, sabuni, ndoo na birika la maji ya moto. Pua na mdomo hufunikwa kwa barakoa au kitambaa. Vumbi la kinyesi na maganda ya mende huamsha pumu na mzio, hivyo sehemu yenye uchafu wa mende haifagiliwi ikiwa kavu. Kwanza hunyunyiziwa maji ya sabuni, kisha hufutwa. Mtu mwenye pumu hutoka nje hadi kazi iishe.

Kifuko kilichobandikwa hakivutwi kwa vidole. Hulowanishwa kwa maji ya sabuni kwa dakika chache ili gundi ilainike, kisha kisu hupitishwa chini yake na kifuko kudondokea ndani ya kopo. Kilichomo ndani ya ufa mwembamba hutolewa kwa mswaki. Mahali kilipotoka husuguliwa, kwa kuwa harufu ya kinyesi cha mende huwaita mende wengine kukusanyika hapo hapo.

Vifuko vilivyokusanywa humwagiwa maji yanayochemka na kuachwa ndani yake kwa dakika kumi au zaidi, kisha hupondwa kwa jiwe na kutupwa kwenye taka zilizofungwa. Joto na kupondwa ndivyo vinavyoaminika. Dawa ya kutoa madoa hubadilisha rangi ya ganda bila uhakika wa kuua kilichomo. Mafuta ya taa huleta hatari ya moto kuliko faida. Kutupa vifuko chooni hakufai kabisa, kwa sababu mende mkubwa huzaliana humo humo. Kuvitupa pipani vikiwa vizima ni kuvihamisha tu kutoka chumbani hadi uani.

Vitu visivyofaa kukwanguliwa kwa kisu na mswaki hushughulikiwa kwa njia nyingine. Nguo na mapazia huloweshwa kwenye maji ya moto. Maboksi na magazeti makuukuu hutolewa nje ya nyumba siku hiyo hiyo. Kitu kidogo kinachoharibika kwa maji, kwa mfano redio ndogo au kitabu, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye jokofu la kugandisha kwa siku kadhaa, kisha huachwa kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufunguliwa.

Kumnasa mama mwenye kifuko

Kwa mende mdogo wa jikoni, kuokota vifuko pekee hakutoshi. Jike aliyebeba kifuko hutoka mara chache kutafuta chakula na hujificha sana, kwa hiyo dawa ya kupuliza hewani humkosa. Kinachofanya kazi zaidi ni chambo cha sumu kinachowekwa karibu na maficho yake. Jeli ya mende, inayouzwa katika bomba la mfano wa sindano, hudondoshwa kwa matone madogo mengi kwenye bawaba, chini ya droo, nyuma ya friji na kando ya mabomba. Matone mengi madogo hushinda rundo moja kubwa. Mende aliyekula hufa ndani ya maficho, na watoto wanaokula kinyesi na mzoga wake huweza kudhurika pia.

Chambo hushindwa pale panapokuwa na chakula bora zaidi. Vyombo huoshwa usiku, makombo hufutwa, unga na sukari hufungwa ndani ya makopo yenye mfuniko, na maji yaliyotuama chini ya sinki hukaushwa. Dawa ya kupuliza haipigwi juu ya chambo wala karibu yake, kwa sababu harufu yake huwafukuza mende wasile.

Mitego ya gundi huwekwa ubavuni mwa ukuta na hutumika zaidi kupima hali kuliko kumaliza mende. Jike aliyenaswa na kifuko chake hutiwa kwenye maji ya moto pamoja na mtego. Akiachwa hapo, mayai yaliyokaribia kuanguliwa yanaweza kutoa watoto hata kama mama amekufa. Kwa sababu hiyo hiyo, mende wadogo waliokufa baada ya kupuliza dawa hufagiliwa na kuharibiwa siku hiyo hiyo.

Ratiba inayofuata mayai

Kwa kuwa hakuna njia ya kupata kila kifuko kwa siku moja, kazi hurudiwa kwa kufuata muda wa kuanguliwa. Siku ya kwanza ni ya ukaguzi, kuondoa vifuko, kusafisha na kuweka chambo. Wiki ya pili chambo hukaguliwa na kilicholiwa huongezwa. Mwishoni mwa wiki ya nne mayai ya mende wadogo yaliyokuwepo siku ya kwanza huwa yamekwisha kuanguliwa. Watoto hao huuawa sasa, kabla hawajakomaa na kutengeneza vifuko vyao. Wiki ya nane hufanyika ukaguzi kamili wa pili unaolenga mende mkubwa, na mwezi wa tatu hufanyika wa mwisho kwa ajili ya mende wa mikanda.

Anayelipa mpulizaji wa dawa hufuata hesabu hiyo hiyo. Makubaliano yanayofaa huwa na ziara ya pili kati ya wiki ya tatu na ya nne kwa mende wadogo, na nyingine kati ya wiki ya sita na ya nane kwa mende wakubwa. Ziara moja, hata ikiwa na dawa kali, huua kizazi kimoja tu. Baada ya kupuliza, sakafu ya katikati husafishwa kama kawaida, lakini kingo za kuta na nyufa zilizopuliziwa haziguswi kwa maji kwa muda ambao mpulizaji ameelekeza, ili watoto wanaotoka kwenye vifuko wakanyage dawa iliyobaki.

Matumizi ya dawa

Dawa nyingi za kopo za kupuliza zina pareto, zao linalolimwa Nyanda za Juu Kusini, au kemikali za maabara zinazofanana nayo. Huangusha haraka mende waliofikiwa, lakini haziingii ndani ya kifuko, na mende wadogo wa sehemu nyingi duniani wamejenga usugu dhidi ya dawa hizi. Kuzipuliza ovyo huwatawanya mende hadi vyumba visivyokuwa nao. Zikitumika, hupulizwa ndani ya nyufa tu, moto wa mkaa na gesi ukiwa umezimwa, chakula na vyombo vikiwa vimefunikwa, na watoto wakiwa nje.

Viuatilifu vinavyoruhusiwa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Dawa halali huwa katika chombo chake cha asili chenye jina la kiambata, maelekezo na namba ya usajili. Dawa zinazotembezwa mitaani ndani ya chupa za maji au vifuko visivyo na maandishi hazifai kuingia ndani, kwa kuwa baadhi zinaweza kuwa sumu za shambani zilizopunguzwa makali kwa kukisia. Chaki ya mende ina hatari yake: kwa mtoto haina tofauti na chaki ya shule. Unga wa asidi ya boriki hufanya kazi ukipakwa utando mwembamba usioonekana vizuri ndani ya ufa mkavu. Ukimwagwa kwa rundo mende huuzunguka, na mtoto huweza kuulamba.

Dawa zote huwekwa juu, mahali palipofungwa, mbali na chakula. Mtu aliyemeza sumu halazimishwi kutapika. Hupelekwa mara moja kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala au ya Temeke, pamoja na chombo cha dawa aliyoitumia.

Choo, karo na chemba

Nyumba inayosumbuliwa na mende mkubwa haiwezi kutulia huku karo liko wazi. Mfuniko wa chemba uliopasuka hubadilishwa, na pengo la kuzunguka mfuniko huzibwa kwa saruji hafifu inayoweza kuvunjwa siku ya kunyonya. Tundu la choo cha shimo hufunikwa kwa kifuniko chenye mpini, na bomba la kutolea hewa hufungwa wavu wa waya juu. Vitundu vya kutolea maji bafuni huwekewa kichujio chenye matundu madogo, na bafu lisilotumika sana humwagiwa maji mara kwa mara ili maji yaliyo kwenye kona ya bomba yasikauke, kwa kuwa ndiyo yanayozuia mende kupanda.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji hujaa kwenye makaro na mashimo na kuwasukuma mende juu. Ukaguzi wa nje hufaa kufanyika Februari, kabla ya mvua, na kurudiwa baada ya vuli. Tabia ya kutapisha vyoo wakati wa mvua ni kosa kiafya, na pia husambaza mende na uchafu wao hadi kwa majirani.

Nyumba ya wapangaji wengi

Katika nyumba yenye korido ya katikati na vyumba pande zote mbili, mende huvuka kupitia dari isiyo na kizuizi, matundu ya waya za umeme na nafasi zilizo chini ya milango. Chumba kimoja kikisafishwa peke yake, mende hurudi kutoka kwa jirani. Kinachosaidia ni wapangaji kukubaliana siku moja ya kazi, kila mmoja akiwajibika kwa chumba chake na wote kwa pamoja kwa korido, jiko, choo na uani. Kuziba nyufa za kuta, kurekebisha dari na mifuniko ya karo kwa kawaida ni jukumu la mwenye nyumba, na ni vizuri litajwe wakati wa kukubaliana kodi. Choo au karo linalovuja ambalo mwenye nyumba halitengenezi huripotiwa ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata.

Mpangaji ambaye majirani hawakubali kushirikiana bado anaweza kupunguza tatizo. Huziba matundu yanayopita ukutani kwa saruji au puti, huweka kizuizi cha mpira chini ya mlango, huhifadhi chakula chote ndani ya makopo na huendelea na chambo bila kukatisha.

Mizigo inayoingia

Mende wa jikoni na wa mikanda huingia nyumbani zaidi kwa kubebwa. Maboksi ya dukani na sokoni, kreti za soda, viroba, friji na televisheni za mtumba, na mizigo ya kuhama inayokuja na kirikuu au guta huweza kuwa na vifuko. Boksi hufunguliwa nje, bidhaa hutolewa na boksi haliingii ndani. Friji ya mtumba hukaguliwa uani: kifuniko cha nyuma hutazamwa kwa tochi, trei huoshwa, na mpira wa mlango hupanuliwa na kufutwa kwa maji ya sabuni. Anayehama hupitia upya samani zake kabla ya kuzipakia, kwa sababu chumba kipya kilichopakwa rangi hakina mende hadi kabati la zamani liwalete.

Dalili kwamba kazi imekamilika

Kutoonekana kwa mende kwa wiki moja si ushahidi. Kipimo ni mitego ya gundi iliyowekwa jikoni, chooni na chumbani, ikitazamwa kila wiki. Watoto wadogo kabisa, wa milimita tatu hivi, wakiendelea kunaswa, kuna vifuko vinavyoendelea kuanguliwa karibu na mtego huo, na ukaguzi huanzia hapo. Wakinaswa mende wakubwa pekee bila watoto, huenda wanaingia kutoka nje, na kinachokaguliwa ni milango, dari na chemba. Kinyesi kipya kisipotokea mahali palipofutwa na mitego ikabaki mitupu kwa miezi mitatu mfululizo, muda wa mayai ya aina zote tatu unakuwa umepita. Baada ya hapo mitego miwili, mmoja nyuma ya friji na mwingine karibu na choo, inatosha kuonya mapema kama mende wameanza kuingia tena.